Kwa nini nyasi za Minnesota hupandwa joto likiondoka

Kila mwaka ifikapo Aprili, theluji ikishayeyuka na mabaka ya udongo mtupu yakijitokeza uani, maduka ya hapa Minnesota hupanga mifuko ya mbegu za nyasi mlangoni kabisa. Mtu aliyekulia Nakuru au Mbeya akiiona hiyo mifuko hahitaji kuambiwa. Mvua zimeanza, baridi imepungua, sasa wakati wa kupanda ni upi kama si huu? Ananunua, anamwaga, anamwagilia, na kufikia mwisho wa Mei uwanja umependeza hata majirani wanausifu. Agosti mabaka yamerudi, mengine makubwa kuliko ya mwanzo, na pale palipobaki kijani pametawaliwa na gugu lenye majani mapana ambalo hakulipanda.

Wengi huilaumu mbegu, wakaenda kununua ya bei kubwa zaidi mwaka unaofuata, mwezi uleule. Lakini tatizo liko kwenye kalenda, na kalenda hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukijua nyasi zenyewe zimetoka wapi.

Nyasi za uani ziko makundi mawili. Kuna za nchi za joto, ambazo tumezikanyaga tangu utotoni: ukoka, na ile nyasi nene ya Limuru na Kiambu ambayo dunia nzima inaiita kwa jina la Wakikuyu. Hizi hunawiri jua likiwaka, hutambaa zenyewe, na nyumbani mara nyingi hatuhangaiki na mbegu. Tunachomeka vipande vya mashina mvua zikianza, basi. Kundi la pili ni nyasi za nchi za baridi. Hizi hupenda hewa ya nyuzi 60 hadi 75 za Farenhaiti, yaani kati ya 15 na 24 za Selsiasi. Joto likizidi hapo zinadumaa, na ukame ukiongezeka zinageuka kahawia na kulala hadi hali itulie. Hata ile nyasi ya buluu ya Kentucky, Poa pratensis, yenye jina la Kimarekani kabisa, ililetwa na walowezi kutoka Ulaya. Minnesota, kama majimbo yote ya kaskazini, hupanda kundi hili la pili, kwa sababu ukoka wa kawaida hauvuki majira ya baridi ya huku. Ndugu zetu wa Houston na Dallas wao wana ukoka, na kwao habari hii inageuka: mbegu ya ukoka hupandwa udongo ukishapata moto, mwishoni mwa majira ya kuchipua.

Sasa tuje kwenye udongo. Udongo hupata joto polepole na kulipoteza polepole, kwa hiyo siku zote uko nyuma ya hewa kwa wiki kadhaa. Aprili hewa ya mchana inaweza kukutoa nje bila koti huku udongo ukiwa bado baridi. Mbegu iliyomwagwa hapo inakaa wiki mbili, tatu, bila kufanya lolote, ndege wakiidonoa na mvua zikiisogeza kwenye mabonde. Mwishoni mwa Agosti mambo ni kinyume. Udongo umebeba moto wa Juni na Julai, ilhali usiku umeanza kupoa na umande wa asubuhi umerudi. Mbegu inapata joto inalotaka chini, na mche ukitokeza unakutana na ubaridi unaotaka juu. Mwaka mzima, hali hizo mbili hukutana kwa wiki chache tu.

Halafu kuna magugu. Lile lenye majani mapana, la jenasi ya Digitaria, nalo ni aina ya nyasi, ila ni mmea wa joto unaoishi msimu mmoja. Mbegu zake huanza kuota majira ya kuchipua, udongo ukifika kama nyuzi 55 za Farenhaiti (13 za Selsiasi), na Julai, wakati nyasi zako za baridi zinahema, lenyewe ndipo linaponenepa. Ukipanda Aprili, umeandaa kitanda laini, chenye maji na mbolea, kwa ajili ya mgeni huyo. Wala dawa haikusaidii sana, kwa sababu dawa nyingi za kuzuia magugu kuota zinazouzwa msimu huo hazijui kutofautisha: zinazuia na mbegu yako pia. Mwishoni mwa Agosti gugu hilo limezeeka, na jalidi ya kwanza ikipiga linakufa lote. Mbegu zake zilizodondoka zitasubiri mwaka ujao. Miche yako inakuwa peke yake uwanjani.

La tatu ni mizizi. Mche wa Aprili una miezi miwili tu kabla ya kukutana na Julai, na mizizi yake bado iko juujuu. Mche wa Agosti una majira yote ya kupukutika majani, kisha majira yote ya kuchipua yanayofuata, ndipo uone jua kali la kwanza. Mizizi ya nyasi hizi huendelea kukua hata majani yakiwa yamesimama, mpaka ardhi ikaribie kuganda.

Kwa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, muda mzuri ni kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Ohio unaweza kusogea hadi mwisho wa Septemba, na Maryland au kaskazini ya Virginia hata mwanzo wa Oktoba. Usichukue tarehe ya binamu yako wa Baltimore, kule Maryland, ukaileta hapa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis.

Tatizo linalofuata ni la dukani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mbele ya mfuko kuna picha ya uwanja ambao haupo popote duniani. Geuza mfuko nyuma. Sheria ya Marekani inataka kuwe na kibandiko kinachotaja kila aina ya nyasi iliyomo, asilimia yake kwa uzito, uotaji wake, mbegu za magugu, vitu visivyo mbegu, na tarehe ya kipimo. Kisome chote, kisha fanya hesabu moja. Mbegu yenye usafi wa asilimia 95 na uotaji wa asilimia 80 inakupa mbegu hai 76 katika kila 100, maana 95 mara 80 kwa mia ni 76. Sasa chukua mfuko wa mbegu zilizopakwa rangi ya buluu au kijani, zile zinazonadiwa kuwa zinatunza maji. Kwenye mstari wa vitu visivyo mbegu unaweza kukuta karibu nusu ya uzito. Hiyo ni ganda la kupakwa. Umelipia mfuko mzima, umebeba nusu ya mbegu. Ukiona pia jina Lolium multiflorum, hiyo ni raigrasi ya mwaka mmoja: inaota upesi, inapendeza, kisha inakufa. Iache hapohapo rafuni.

Majina ya kutafuta ni matatu au manne. Poa pratensis hutambaa chini kwa chini na kuziba mapengo yenyewe, lakini inataka jua, maji na mbolea. Lolium perenne, raigrasi ya kudumu, huota haraka kuliko zote, ila baridi kali ya kaskazini huweza kuiua. Feskyu ndefu ina mizizi mirefu na huvumilia ukame. Feskyu nyembamba, ambazo ni jamii ya aina kadhaa, huvumilia kivuli na udongo hafifu, hazitaki mbolea nyingi na hukua taratibu. Maoni yangu, kwa mtu anayefanya zamu mbili katika nyumba za wazee na kulala mchana, hizo feskyu nyembamba zingefaa kuliko Poa. Uwanja wake hautakuwa wa kijani cha picha, lakini hautamdai kila Jumamosi.

Mifuko mingi ni mchanganyiko, na mchanganyiko una mtego. Raigrasi huota kwa siku 5 hadi 10, feskyu kwa siku 7 hadi 14. Poa huchukua siku 14, na mara nyingine hadi 28. Kwa hiyo wiki ya pili unatoka nje asubuhi, unainama kuangalia uwanja kwa mshazari umande ukiwa bado upo, na unaona nyuzi za kijani zilizosimama kila mahali. Unashukuru Mungu, unakunja mpira wa maji. Uliyoiona ni raigrasi. Poa uliyoilipia zaidi ilikuwa ndiyo kwanza imepasua ganda, na mbegu iliyopasua ganda ikikauka siku moja imekufa, haina kurudi. Majira ya kuchipua yakija, raigrasi nayo imeunguzwa na baridi, na mwenye uwanja anasema mbegu za Marekani ni za siku moja. Mchanganyiko ukiwa na Poa, mwagilia wiki nne bila kujali ulichokiona wiki ya pili. Na kwa sababu hiyohiyo, mwenye Poa nyingi apande kabla Agosti haijaisha, maana jalidi ya kwanza hapa kwa kawaida haipiti mwanzo au katikati ya Oktoba.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya udongo, nayo ndiyo nzito. Kipimo kwanza. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya udongo Saint Paul inayopokea sampuli za wananchi. Chota udongo sehemu 10 au 15 za uwanja, kina cha inchi tatu au nne, changanya kwenye ndoo safi, ukaushe, upeleke kikombe kimoja hivi. Jibu litakuambia uchachu wake, ambao nyasi hizi hupenda uwe kati ya 6 na 7, na kama unahitaji chokaa. Litakuambia pia kuhusu fosforasi, na hili lina uzito wa kisheria. Minnesota inakataza kutia mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za uani, tangu 2004 katika eneo la Minneapolis na Saint Paul na tangu 2005 jimbo zima, kwa sababu ikisombwa hadi ziwani huotesha mwani. Ruhusa ipo ikiwa unapanda nyasi mpya, msimu huo wa kwanza tu, au kipimo kikionyesha upungufu. Kwenye mfuko wa mbolea kuna namba tatu. Ya katikati ndiyo fosforasi, na ndiyo maana mifuko mingi ya hapa ina sifuri katikati.

Pili, amua unafufua au unaanza upya. Kama zaidi ya nusu ya uwanja bado ni nyasi njema, fufua: kata nyasi chini kuliko kawaida, reki ule mkeka wa nyasi mfu uliolala juu ya udongo, kisha kodi mashine ya kutoboa, ile inayong'oa vipande vya udongo vya ukubwa wa kidole na kuviacha juu. Viache vikauke, vitavunjika vyenyewe. Pita mara mbili, na mahali panapokanyagwa na watoto pita mara tatu. Mashine hizo ni nzito na kodi yake si ndogo, kwa hiyo majirani wawili watatu wakikodi pamoja kwa siku moja hakuna anayeumia. Weka alama kwanza kwenye mabomba ya kunyunyizia, na kama utachimba kwa kina piga simu 811. Wanakuja bure kukuonyesha nyaya na mabomba ya gesi yanapopita.

Kama magugu ndiyo wenye uwanja, anza upya, na hapo kazi inarudi nyuma hadi Julai au mwanzo wa Agosti. Wengine huua kila kitu kwa glaifoseti, wakifuata kibandiko na kuwazuia watoto kuingia, wakasubiri hadi majani yanyauke, wakapiga tena kilichochipua. Wengine hufunika kwa plastiki wiki kadhaa za joto. Njia zote mbili hufanya kazi. Ya pili inataka subira, na uani ulio mbele ya nyumba utasemwa.

Nyumba mpya zina shida yake. Mjenzi huondoa udongo mweusi wa juu, hupitisha magari juu ya uliobaki, kisha hutandaza inchi chache za udongo wa kununua na kukukabidhi funguo. Chukua bisibisi ndefu uichome ardhini baada ya mvua. Ikikataa kuzama, mizizi nayo itakataa. Dawa yake ni mboji, inchi moja au mbili, ichanganywe kwa kina cha inchi nne hadi sita. Usilete mchanga kulainisha udongo wa mfinyanzi. Ukikauka pamoja unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Kinyume chake, Brooklyn Park na kaskazini yake kuna kichanga, ndiyo maana zamani palikuwa mashamba ya viazi na hadi leo mji una sherehe ya viazi kila mwaka. Huko mboji ni ya kushika maji yasipotee.

Usisage udongo hadi uwe unga. Mvua moja tu itaupiga uwe gamba juu, na mche hauwezi kulitoboa. Mabonge ya ukubwa wa punje ya harage yanatosha. Sawazisha kwa reki, mteremko ukielekea mbali na nyumba ili maji yasiingie chini kwenye beisimenti, kisha tembea juu yake. Nyayo zikizama zaidi ya nusu inchi, udongo bado umelegea. Ukanyage au upitishie rola. Nyayo zisipoonekana kabisa, umeshindilia mno.

Kumwaga mbegu ni kazi ya nusu saa. Kwa futi za mraba 1,000, Poa inataka pauni 2 hadi 3, feskyu ndefu pauni 6 hadi 8. Tofauti hiyo inawachanganya watu, lakini punje za Poa ni ndogo mno: nusu kilo ina zaidi ya milioni moja, ilhali nusu kilo ya feskyu ndefu ina kama laki mbili na nusu. Ukifufua uwanja, tumia nusu ya kipimo. Kuzidisha hakukupi uwanja mzito. Miche hubanana, hunyimana mwanga, na ukungu huingia. Gawa mbegu mafungu mawili, moja ulimwage ukienda kaskazini na kusini, la pili mashariki na magharibi. Geuza reki mgongo, uikokote kidogo tu. Mbegu isizame zaidi ya robo inchi, na nyingine kuonekana juu si tatizo. Kinachotakiwa ni mbegu iguswe na udongo pande zote, maana maji huingia kwenye mbegu kupitia huo mguso. Mbegu iliyokaa juu ya nyasi mfu haitaota hata ukiimwagilia kwa maombi. Funika kwa mabua makavu ya ngano, membamba kiasi kwamba nusu ya udongo bado unaonekana. Usinunue majani ya kulisha ng'ombe, yamejaa mbegu za kila aina.

Maji mpaka mbegu ziote ni kidogo na mara nyingi: mara mbili au tatu kwa siku, inchi moja ya juu isikauke na madimbwi yasitokee. Anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku hawezi, na hakuna haja ya kujitesa. Kuna saa ndogo ya kufunga kwenye bomba inayofungua na kufunga maji yenyewe. Kati ya vitu vyote vilivyotajwa hapa, ningepunguza mbegu kabla ya kukosa hicho. Miche ikisimama, punguza mara na ongeza muda, hadi ufikie inchi moja kwa wiki pamoja na mvua. Weka kopo tupu la samaki katikati ya uwanja upime.

Oktoba majani ya mepo na mialoni huanza kuanguka, na yakilala juu ya miche wiki moja yenye mvua, chini yake panaoza. Yaondoe kwa upepo wa mashine au reki nyepesi. Miche ikifika inchi tatu na nusu, kata mara ya kwanza, kisu kikiwa kimenolewa, kwa sababu kisu butu hung'oa badala ya kukata. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Dawa za kuua magugu ya majani mapana zisubiri mpaka uwe umekata mara tatu au nne.

Ukichelewa, ukajikuta katikati ya Oktoba mfuko ungali karakana, usipande. Mbegu itaota, na mche wa wiki mbili utauawa na baridi. Ngoja Novemba, udongo ukishuka chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, kabla theluji haijatulia. Mwaga wakati huo juu ya udongo mtupu uliorekiwa. Mbegu itakaa usingizi, ardhi ikiganda na kuyeyuka itapasuka nyufa ndogondogo na kuimeza, na majira ya kuchipua yakifika itaota mapema kuliko ambavyo ungeweza kuipanda wewe mwenyewe. Sehemu yake itapotea kwa maji ya theluji, hasa penye mteremko, kwa hiyo ongeza kidogo. Na Aprili ikifika, mfuko wa dawa ya kuzuia magugu kuota uuache dukani, hata kama umewekwa mlangoni kwa bei ya punguzo.